Siku Nilizoziacha Bila Fundo

Majina yao wote ninayo. Ukiniamsha usingizini ukaniuliza sista wa zahanati ya Garsen mwaka ule wa mafuriko makubwa alikuwa nani, aliyetuvusha kwa mtumbwi alikuwa mtoto wa nani, na mtamba wetu aliyechukuliwa na maji aliitwa nani, nitakujibu kabla sijafumbua macho. Ndivyo nilivyoumbwa. Skuli sikusoma. Chuoni Kipini nilifika nusu ya msahafu, na uzeeni nikaenda gumbaru, skuli ya watu wazima, ndiko nilikojifunza hizi herufi ninazoandikia. Miaka yote ya katikati, daftari langu lilikuwa kichwa.

Lakini humu sitataja jina la mtu. Mwenye habari yu hai, mlango wake na wangu inatazamana, na ruhusa alinipa kwa sharti moja.

"Andika, mama," alisema. "Jina langu wacha."

Basi nimeliwacha, na ya wengine nimeyawacha pamoja nalo.

Yeye ni mkaza mwanangu. Mimi ni mtu wa Kipini, kwa watu wa bahari. Mume wangu alikuwa mtu wa ng'ombe, akija kwetu kuuza samli, hata siku moja akarudi Minjila na samli haikuisha na mke anaye. Alipofariki nilibaki na watoto wanne. Mkubwa wangu, wa kiume, alikwenda kuoa kwa wafugaji wa upande wa Ndera, watu wa lugha ya baba yake. Akaniletea msichana mrefu, mnyamavu, Kiswahili chake cha kuuzia maziwa tu. Nilimpenda siku ya pili. Siku ya kwanza nilikuwa nimechoka.

Mwaka wa kwanza alipatwa na homa na maumivu ya tumbo la chini, akalala siku tisa. Nilimpa mwarobaini, nikamkanda kwa maji ya moto, akapona. Sikuifikiria tena homa ile mpaka nilipoulizwa na sista wa Garsen, miaka mitano baadaye.

Maji ya mafuriko yalipokuja alikuwa mwaka wa sita katika nyumba yangu, na hajapata mimba. Msidhani tulikuwa tumekaa tu. Alikunywa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, mpaka meno yakawa ya manjano. Mkunga wa Chara alimkanda tumbo, akasema kizazi kimelala upande, akakiamsha. Na mkunga mwingine akasema kimelala upande ule mwingine, akakirudisha. Alifungwa hirizi kiunoni, moja, mbili, tatu. Akienda kuteka maji wanawake humuuliza, "Bado tu?" kama mtu anayeuliza chungu kama kimechemka. Akirudi na ndoo haniambii kitu, lakini nilikuwa nikijua kwa jinsi anavyoiweka chini.

Baada ya Idi, maji bado yametuwama mashambani na nusu ya ng'ombe wetu wamekufa, shemeji yangu aliniita barazani kwake. Ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, na neno lake ndilo lililokuwa la mwisho pale kwetu. Alinimiminia chai mwenyewe, nikajua kuna jambo.

"Shemeji," akasema, "huyu binti ni mwema. Sina neno naye. Lakini mwanao anazeeka."

"Ana miaka thelathini na moja," nikasema.

"Mimi nilipokuwa na thelathini na moja nilikuwa na watoto saba."

"Na wake watatu."

Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Ng'ombe asiyezaa unamfanyaje? Humpeleka sokoni Garsen. Sisemi tumpeleke. Nasema mwanao aoe wa pili. Msichana tumeshamuona."

"Ng'ombe asiyezaa," nikamwambia, "mbona huwaiti watu wa mifugo waje kumtazama kwanza? Mwaka jana uliwaita kwa ajili ya fahali aliyekuwa akichechemea."

Alikunywa chai yake yote. Kisha akanipa muda. Mpaka Ramadhani ijayo. Ikiandama na hakuna kitu, msichana ataposwa, na huyu wetu ataamua mwenyewe, akae au arudi kwao. Yeye alisema hivyo kwa upole. Lakini sote tulijua mwanamke anayerudi Ndera baada ya miaka saba bila mtoto anarudi kuwa nani: mchungaji wa mbuzi za kaka zake.

Basi nilikuwa na miezi kumi na moja, na nikaishika kama mtu aliyepewa maji mkononi.

Sista wa Garsen ndiye wa kwanza kutuambia maneno yenye kichwa na miguu. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kugombana hata akisalimia. Alimuuliza mkaza mwanangu maswali mengi, mimi nikitafsiri. Hedhi inakuja kila mwezi? Inauma? Amewahi kuharibu mimba? Amewahi kuugua tumbo la chini na homa? Hapo nikataja ule ugonjwa wa mwaka wa kwanza. Akaandika.

"Na mumewe amepimwa?"

"Mumewe yuko malishoni."

"Sikuuliza yuko wapi, mama. Nimeuliza amepimwa?"

Nilimwita mwanangu kutoka malishoni, mwendo wa siku mbili, nikampeleka Malindi yeye kwanza. Alirudi uso umemshuka. "Wamesema mimi mzima," akaniambia. "Na mama, usiniulize walivyonipima." Sikumuuliza. Mpaka leo sijui, na nimeridhika.

Basi likabaki la mkewe. Daktari wa Malindi alimtazama, akasema pale hawana mtambo wa kuipiga picha mirija ya uzazi, twende Mombasa kwa daktari bingwa wa wanawake. Barabara wakati ule mabasi yalikwenda pamoja na askari kwa sababu ya majambazi. Ukikosa msafara wa asubuhi umekosa siku. Tulifikia kwa mpwa wangu, na kesho yake tukaketi kwenye benchi la hospitali kuanzia saa moja hadi saa nane. Mkaza mwanangu hakuwahi kuona lifti. Alikataa kuiingia, tukapanda ngazi.

Daktari alikuwa mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa uzi, Kiswahili chake cha Mombasa safi. Alichukua karatasi akachora kizazi, kama kichwa cha ng'ombe na pembe zake mbili. Nilipomtafsiria mkaza mwanangu hivyo, alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Minjila. Pembe ndizo mirija, daktari akasema. Yai hutoka huku mwisho, hupita kwenye mrija, na mbegu ya mume hukutana nalo humo njiani. Mrija ukiziba, hawakutani. Na yai lisipokomaa, hata njia iwe wazi, hakuna wa kupita.

"Kwanza tupige picha tujue njia," akasema. "Ataona mwezi wake. Akishamaliza, akishakoga, siku ya tatu mlete."

Tukangoja hapo hapo Mombasa kwa mpwa wangu. Alipokoga josho la kujitwaharisha nilihesabu siku tatu, nikampeleka. Walimtia dawa ndani kwa mpira mwembamba huku mashine ikitazama. Iliuma. Nilikuwa nimeruhusiwa kusimama mlangoni; alikuwa ametazama ukutani na meno ameyabana, na hakulia.

Jawabu lilikuwa hivi: pembe moja imeziba, nyingine iko wazi.

"Muulize," akaniambia mkaza mwanangu kwa lugha yao, "hiyo iliyoziba, niliiziba mimi? Kwa kitu nilichokula? Kwa kitu nilichofanya?"

Nikamuuliza daktari. Alivua miwani. "Mwambie hapana. Ni ile homa ya tumbo. Uchafu uliingia, ukaacha kovu. Hilo humpata mwanamke yeyote. Laiti angetibiwa mapema."

Lile la mwisho sikulitafsiri.

Kisha akatupa vidonge. Kwa vipimo vyake, alisema, yai halikomai vizuri, na hivi ndivyo vya kulikomaza. "Siku ya tatu aanze, ameze kimoja kila siku, siku tano. Siku ya kumi na mbili hadi ya kumi na sita awe na mumewe. Kila mwezi hivyo hivyo. Baada ya miezi sita nirudieni." Akaandika kwenye kadi, kwa Kiingereza. Nyumbani petu wa kuisoma hakuwepo, na wala sikumtafuta. Siku ya tatu, siku tano, ya kumi na mbili hadi ya kumi na sita. Mtu anayekumbuka jina la mtamba aliyezama atashindwa kukumbuka hayo?

Basi nikasokota ukambaa wa miaa, ule tunaofungia mikeka, nikautundika kwenye nguzo ya chumba changu. Kila asubuhi fundo moja. Sasa nieleze tulivyohesabu, maana ndipo lilipo jambo lenyewe.

Kwetu mwanamke akiwa kwenye damu hana siku. Haswali, hafungi, hashiki msahafu. Siku zile zimewekwa kando, hazimo. Akikoga josho ndipo anapoanza upya, na hiyo ndiyo siku yake ya kwanza. Mama yangu alinifundisha kuhesabu hivyo, na bibi yangu alimfundisha mama. Na daktari mwenyewe hakutuambia, kwa ile picha, akishakoga tuhesabu siku ya tatu? Basi haikunijia hata kidogo kwamba kwa vidonge hesabu ni nyingine. Mkaza mwanangu huona damu siku saba. Siku saba zile niliacha ukambaa mtupu, upana wa kiganja. Siku ya josho, fundo la kwanza. La tatu, kidonge. La kumi na mbili, mumewe.

Mumewe alikuwa mbali na ng'ombe waliosalia. Nilikuwa nikimtumia salamu kwa mtu yeyote aendaye huko: "Mwambieni mama yake anamuita." Akija hushinda siku tano, hurudi. Siku moja alikuja mapema, mkewe ndiyo kwanza ana fundo la nne, na nilimrudisha.

"Bado," nikamwambia. "Utajichosha bure. Daktari amesema ya kumi na mbili."

"Mama, nimetembea siku mbili."

"Basi lala kwa ami yako, kesho urudi kwa ng'ombe. Utakuja siku yake."

Alinitazama, akamtazama mkewe aliyekuwa akikamua, akaondoka hata chai hakunywa. Namkumbuka mgongo wake akiondoka. Nilijiona mwenye nidhamu sana siku ile.

Miezi sita. Mkaza mwanangu vidonge vilimletea kichwa kizito na joto la ghafla, huamka na kanga imelowa jasho. Hakukosa hata kimoja. Kila damu ilipokuja hunikabili mlangoni, huutazama ukambaa tu. Nami huacha nafasi ya kiganja, na moyo wangu huchoka zaidi kuliko miguu. Sikujua mtu aweza kuchoka kwa kusubiri, ameketi, hana alilolibeba.

Mwezi wa Shaabani tukarudi Mombasa. Ramadhani ilikuwa imebaki wiki mbili na siku kadhaa. Daktari akauliza, "Mara ya mwisho aliona mwezi wake tarehe gani?" Tarehe sikuwa nazo. Nikafungua kibindo nikautoa ukambaa, mrefu kama mshipi, nikauweka mezani mwake. Nilijivuna, siwafichi. Nilitaka auone.

Alifurahi. Alimwita hata nesi aje aone. "Tazama bibi alivyohesabu." Akaanza kupitisha kidole, fundo kwa fundo, midomo ikimchezacheza. Akafika kwenye nafasi.

"Na hapa je? Mbona patupu?"

"Hapo ana damu, daktari. Hapo hana siku."

Kidole kikasimama. Akarudi nyuma, akaja mbele, akahesabu tena. "Vidonge alianza lini? Nionyeshe."

Nikamuonyesha fundo la tatu.

"La tatu baada ya kukoga?"

"Baada ya kukoga."

Daktari akaegemea kiti. Nesi akatoka polepole, akafunga mlango bila kuambiwa. Mkaza mwanangu akawa ananitazama mimi, kisha yeye, kisha mimi.

"Bibi," akasema hatimaye, "sisi huhesabu tangu damu inapoanza. Siku ya kwanza ya damu ndiyo siku ya kwanza. Mlipokuwa mkianza vidonge yai lilikuwa limekwisha kuamua mambo yake. Na mlipomuita mumewe, wakati ulikuwa umepita." Akagusa paji la uso. "Kosa ni letu pia. Ningeuliza. Nilidhani…" Hakumaliza alichodhani.

"Miezi yote sita?"

"Yote sita."

Mkaza mwanangu akanivuta ukosi wa buibui. "Amesema nini, mama?"

Wallahi, katika maisha yangu sijaona neno zito kulitafsiri kama lile. Ningeweza kumwambia amesema tujaribu tena. Lugha zote mbili zilikuwa mdomoni mwangu, na daktari hakujua hata neno la kwao. Nilikaa nikaiona ile njia, ilivyo fupi na nyepesi.

Nikamwambia. Nimehesabu vibaya. Vidonge ulivimeza bure. Mumeo nilimuita wakati umekwisha kupita. Na siku ile niliyomrudisha ndiyo ingekuwa karibu na siku yenyewe.

Alichukua ukambaa kutoka mezani, akaukunja, akautia mkobani mwake yeye, wala si kibindoni mwangu. Hakunisemesha Mombasa, hakunisemesha Malindi. Garsen tulipoteremka, alisema, "Mzigo nipe, mama," kwa sababu adabu hakuiacha, na huo ndio mwisho wa maneno kwa siku nne.

Shemeji alikuwa amekwisha kusikia tumerudi. Siku ya nne alituma mtu: baada ya laasiri niende barazani. Nilipofika nilimkuta na wadogo zake wawili, na nikajua hawakukutana kwa chai. Ramadhani mlangoni, na mahari ya yule msichana ilikuwa imezungumzwa.

"Haya shemeji," akasema. "Umejaribu, hakuna atakayekulaumu. Hospitali imemtibu miezi sita. Dawa ameinywa. Mungu hakumjaalia. Sasa sote tumejua liko kwake."

Pale ndipo nilipoiona hatari yote. Ile miezi sita ingekuwa ushahidi. Awali walikuwa wakidhani. Sasa wangesema ametibiwa na bingwa wa Mombasa na hakuzaa. Na wa kuwaambia kuwa hakutibiwa ni mimi.

"Hakutibiwa," nikasema.

"Vipi?"

"Dawa ameinywa siku zisizo zake. Mimi ndiye niliyehesabu, na nilihesabu vibaya."

Mdogo wake mmoja akacheka. "Wewe? Unayejua mpaka majina ya mbuzi wa mkwe wangu?"

"Mimi."

"Umehesabuje vibaya?" akauliza shemeji.

Niliwaza nisemeje. Mwanamke wa umri wangu, mbele ya mashemeji watatu, baraza iko wazi na watu wanapita kwenda msikitini. Kanga nikaivuta mpaka usoni, nikasema. Nikasema damu, nikasema josho, nikasema siku saba. Nikasema daktari huhesabu damu inapoanza na mimi nilihesabu inapokwisha. Nikasema nilimrudisha mume wa watu malishoni siku aliyokuwa akitakiwa kitandani. Mdogo mtu aliyekuwa akicheka aliinuka akaenda kutazama ng'ombe wasiohitaji kutazamwa. Wa pili alikodolea macho kikombe chake. Shemeji peke yake ndiye aliyebaki na uso wake.

"Shemeji," akasema taratibu, "mambo haya hayasemwi hapa."

"Yangesemwa wapi? Mnamhukumu hapa."

Shemeji alikuwa mtu mgumu lakini hakuwa dhalimu, na hilo namkumbukia mpaka leo, Mungu amrehemu.

"Kwa hivyo kosa lako."

"Langu."

"Si lake."

"Yeye hakukosa hata kidonge."

"Basi mpaka mfungo sita," akasema. "Watu wakimaliza Maulidi. Na safari hii, shemeji, usihesabu wewe."

Niliporudi nilimkuta mkaza mwanangu ameketi kizingitini mwangu. Baraza ile na nyumba zetu hazijaachana sana. Alikuwa amesikia, kama si yote basi ya kutosha. Mapajani alikuwa na miaa mibichi, anasokota ukambaa mpya.

"Mama," akasema. Lilikuwa neno la kwanza tangu Garsen. "Sasa nahesabu mimi."

"Hesabu, mwanangu."

"Na mume wangu nitamuita mimi."

"Muite."

Basi nikaingia ndani nikalala kabla ya magharibi, kitu ambacho sijapata kukifanya nikiwa mzima.

Kuanzia hapo sikujua kitu. Ukambaa aliutundika nguzoni mwake, si mwangu. Vidonge vipya tulivyopewa na daktari alivitunza yeye. Mwanangu alikuja na akaenda, na nilikuwa nikimuona tu akipita na fimbo yake, ananisalimia kwa mbali. Ramadhani ikapita, mfungo mosi, mfungo pili. Nilitamani kuuliza. Kila nikienda kwake kuomba chumvi macho yangu huenda nguzoni yenyewe, na yeye hulijua hilo, husimama katikati. Hakuwa mkali. Alikuwa amefunga mlango mmoja tu katika nyumba nzima, na mimi ndiye niliyemfundisha kwa nini.

Mwezi wa Maulidi watu walipomaliza kusoma na pilau likaliwa, alivaa buibui lake, akaenda barazani kwa shemeji mwenyewe. Hakuniaga. Shemeji ndiye aliyenieleza baadaye, na alinieleza akitikisa kichwa.

Alisimama mbele yake, kwa Kiswahili chake kile kile akamwambia: "Baba, nimehesabu mimi. Miezi sita, sawasawa. Haikushika. Sasa muozesheni."

Shemeji, ambaye mwaka mzima alilitaka neno hilo, lilipomfikia alimuuliza, "Na wewe utarudi kwenu?"

"Kwa nini nirudi? Nyumba yangu iko hapa. Ng'ombe wangu wako hapa. Nilitaka nijue tu. Sasa najua."

Na akakaa. Yule wa pili aliletwa, msichana mwema, akazaa wanne, na hao ndio wajukuu zangu wanaonipigia kelele hivi ninapoandika. Wanamwita yeye mama mkubwa, na wakigombana kwao hukimbilia kwake. Daktari wa Mombasa alimwambia kuna upasuaji, na baadaye kukasikika kuna njia nyingine huko Nairobi, ya kulitungisha yai nje kwenye chupa. Nilimwambia twende, nitauza nilicho nacho. Alifikiria wiki nzima. Akasema amechoka, mama. Na mimi nilikuwa nimechoka, nikaona haya kufurahi kwamba amekataa. Siwezi kujua ile miezi sita yangu ya kwanza ingempa nini. Daktari nilimuuliza, akasema hata yeye hajui, pengine mtoto, pengine si kitu. Hiyo pengine ninalala nayo.

Jioni ile ya Maulidi, aliporudi kutoka kwa shemeji, alipitia kwangu. Nilikuwa nachambua mchele. Aliweka kitu kwenye ungo, juu ya mchele, akakaa karibu yangu akaanza kuchambua upande wake.

Ulikuwa ukambaa wake. Niliuchukua nikaupitisha vidoleni, nikitafuta zile nafasi, upana wa kiganja. Sikuziona. Nikarudi mwanzo. Mafundo yalifuatana bila kukatika, na kila baada ya muda palikuwa na saba yaliyofungwa kwa ukindu mwekundu, ule tunaotia rangi kwa mikeka ya harusi. Alikuwa amezifunga hata siku za damu. Siku zake zote zilikuwemo.

"Umeona, mama?" akaniuliza, macho kwenye mchele.

"Nimeona."

"Hili jiwe," akasema, akalitoa akalitupa nje, na tukaendelea kuchambua.